Mtoto anaonewa shuleni: "mpuuze" au "mpige"? Wiki mbili za kwanza mzazi afanye nini hasa

#1 Mwalimu wa Malezi KGM
Wakuu, salaam.

Naleta hoja, anayepinga apinge kwa sababu. Mtoto akirudi nyumbani na kusema anaonewa shuleni, wengi wetu huku Kigoma tuna majibu mawili tu: "mpuuze" na "na wewe mpige". Nasema yote mawili yanamrudishia mtoto mzigo uleule. Ameuleta nyumbani kwa sababu umemshinda.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyelichunguza jambo hili huko Skandinavia tangu miaka ya 1970, aliweka alama tatu: kuna nia ya kuumiza, jambo linajirudia, na nguvu hazilingani. Watoto wawili wa rika moja waliozabana makofi jana kwa ajili ya mpira wamegombana tu, kesho watacheza. Lakini watatu wa darasa la saba wanaomsubiri mmoja wa darasa la nne kila siku nyuma ya vyoo, hiyo ni habari nyingine hata kama hawajamgusa.

Mtazame mtoto wa namna hiyo akirudi saa nane mchana. Hasalimii. Begi linaangukia mlangoni, kiatu kimoja kinabaki kizingitini, yeye mbio chooni. Leo hivyo, kesho hivyo, wiki nzima. Nyumbani wanasema tumbo. Kumbe hajakojoa tangu saa kumi na mbili asubuhi, maana choo cha shule kina wenyewe.

Swali: wiki mbili za kwanza mzazi afanye nini, na kipi kitangulie? Naomba hatua, mawaidha tuyaweke kando.

#2 Binti Unyanyembe
Mwangaluka mwalimu. Niongeze dalili kabla ya hatua. Njaa. Mtoto anapewa shilingi 500 ya mihogo kila siku na bado anarudi akikomba sufuria. Hela inakwenda kwa mwingine. Kalamu nayo: ukiona inahitajika mpya kila baada ya siku mbili, uliza. Na tumbo linalouma Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi, halafu Ijumaa mchana limepona.

#3 Nguruka Stesheni
Mimi naitetea "mpige". Mtoto asiyejibu anakuwa ngoma, kila apitaye anaigonga. Akirusha ngumi moja nzuri, wanamwacha. Tusiwalee watoto wa kiume kama mayai.

#4 Mwalimu wa Malezi KGM
Nguruka, rudi kwenye alama ya tatu: nguvu hazilingani. Wangekuwa sawa, asingeonewa. Akirusha ngumi moja kwa watatu, anapokea kumi. Na shuleni likifika ofisini linaandikwa "wanafunzi walipigana", wote wanaadhibiwa, miezi mitatu ya kuonewa inafutika kwa siku moja. Wapo watoto waliorusha ngumi wakaachwa, sikatai. Ila huwezi kujua mapema kama wako ni mmoja wao.

#5 Mama Soko la Mwanga
Kinachotangulia ni kuuliza, na hapo ndipo tunapoharibu. Mzazi anamkalisha mtoto kwenye kochi, anamtumbulia macho: "Nani anakuonea? Sema!" Mtoto anasema hakuna.

Uliza mikono ikiwa kazini. Mnachambua mchele au mnamenya mihogo, macho yote yapo kwenye sinia. Usianze na "nani". Anza na mahali: "Saa nne mlipotoka mapumziko ulikaa wapi?" Halafu: "Ulikaa na nani?" Halafu: "Ni sehemu gani ya shule hupendi kupita?" Mtoto anayeonewa anakuchorea ramani bila kujua: hapiti bombani, hapiti nyuma ya darasa la sita, anazunguka njia ndefu ya kwenye miembe. Majina yatakuja yenyewe siku ya pili au ya tatu.

Na akianza kusema, usimkatize kwa "kwa nini hukuniambia?" wala "wewe ulimfanya nini?". Hayo mawili yanafunga mdomo kuliko kufuli. Sema: "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako." Kisha nyamaza, endelea kumenya.

#6 Mzee wa Reli ya Kati
Na akisema "mama usimwambie mtu, wataniua"? Hapo wengi wanaapa kutunza siri.

#7 Mama Soko la Mwanga
Shikamoo mzee. Usiape. Ukiapa ukavunja, hatakuambia tena. Ahadi unayoweza kuitimiza ni hii: "Sitafanya lolote bila kukuambia wewe kwanza." Na uitimize kweli. Siku ya kwenda shuleni, usiku wake mwambie utakwenda saa ngapi, utaonana na nani, utasema nini. Mtoto anachoogopa zaidi ni kumwona mzazi wake ghafla dirishani, darasa zima likigeuka.

#8 Ustawi Kasulu
Nakazia, kisha daftari. Nunua daftari dogo la kurasa 32, lisichanganywe na madaftari ya mtoto ya shule. Kila tukio mistari michache: tarehe, saa, mahali, kilichosemwa kwa maneno yaleyale, waliokuwepo, kilichoharibika, nani ameambiwa. Mfano:

"Jumanne, saa 4:10 asubuhi, bombani. Walimwaga maji aliyochota, wakamwambia 'mkimbizi huna foleni hapa'. Walikuwa watatu, darasa la sita. Wawili wa darasa lake waliona. Sketi ililowa, alikaa nayo hadi saa nane. Hajamwambia mwalimu."

Linganisha na "mwanangu anasumbuliwa sana". Kwa maneno hayo ya pili mwalimu hana pa kushika. Kwa ule mfano anajua aweke mwalimu wa zamu wapi, saa ngapi. Wiki mbili za namna hiyo zinaonyesha mchoro: karibu kila kitu kinatokea sehemu mbili au tatu, dakika zilezile.

Usiandike hisia zako, wala "yule mtoto mwovu". Daftari hilo linaweza kusomwa na mzazi wa pili, kamati ya shule, hata mahakama.

#9 Kaliua Mashariki
Naunga mkono, na nasahihisha kitu kimoja. Watu wakisoma hapo watamhoji mtoto kila jioni kama polisi: "leo je? leo je?" Mtoto anaishi kipigo mara mbili. Mara mbili kwa wiki inatosha, na jioni nyingine muulize mambo mengine kabisa, ya mpira, ya mwalimu wa hesabu. Kama kuna jeraha au kitu kimeibwa, hiyo andika siku hiyohiyo na upige picha.

Na kusubiri wiki mbili ni kwa maneno na kusukumana. Akitishiwa kwa kisu, akipigwa hadi damu au akishikwashikwa mwilini, hapo hakuna daftari la wiki mbili. Ni leo hii.

#10 Nesi wa Zahanati
Mwalimu, kwenye #1 umekimbilia hitimisho. Mtoto anayekimbilia choo akirudi anaweza kuwa anaonewa, anaweza pia kuwa anakwepa choo kisicho na mlango, kichafu, au kisicho na maji. Wasichana hasa. Na mtoto aliyekuwa hakojoi kitandani miezi sita au zaidi kisha akaanza tena, mpeleke akapimwe mkojo kwanza. Inaweza kuwa hofu, inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, inaweza kuwa kisukari. Kubana mkojo kutwa nzima kwenyewe kunaleta maambukizi, kwa hiyo wakati mwingine yote ni kweli kwa pamoja.

#11 Mwalimu wa Malezi KGM
Nesi, nimepokea, umesema kweli. Vyoo visivyo na mlango ni tatizo kubwa kuliko tunavyokiri. Ndiyo maana nampenda Mama Soko na swali lake la "ni sehemu gani hupendi kupita". Jibu litaonyesha kama anaogopa choo au anaogopa watu.

#12 Mnyamwezi Halisi
Samahanini, mbona mnafanya kila kitu kuwa uonevu? Sisi ni watu wa utani. Mnyamwezi na Mzaramo wanaambiana maneno mazito hadi msibani na hakuna anayekwenda ustawi. Mtoto asiyezoea kutaniwa atapata shida duniani.

#13 Ujiji Miembeni
Utani una sheria zake, ndugu yangu. Unakwenda pande zote: ninachokuambia nawe unaniambia, na hakuna anayekasirika. Na una deni: mtani ndiye anayekuja msibani kwako na kufanya kazi. Darasani mtoto mmoja kuitwa "mkimbizi" au "Mrundi" na watoto kumi, kila siku, kwa sababu lafudhi yake ina Kiha cha mpakani, naye hana cha kuwarudishia, utani uko wapi hapo? Huku Kigoma neno hilo lina uzito wake, linamwambia mtoto kwamba hapa si kwao.

Kipimo ninachokijua: mtaniwa akisema "sasa basi", mtani wa kweli anaacha. Mwonevu akisikia "sasa basi" ndiyo kwanza anaanza.

#14 Mnyamwezi Halisi
Hapo kwenye "sasa basi" nimekuelewa. La deni la msibani nalo ni kweli, nililisahau.

#15 Nesi wa Zahanati
Kuna watoto ambao kwao "mchezo" ni hatari ya mwili. Mtoto mwenye ualbino akinyang'anywa kofia saa sita mchana ikarushwa huku na huku, dakika zile ngozi inaungua, na kuungua kwa miaka ndiko kunakoleta saratani ya ngozi. Mzazi asiandike kwa mwalimu "wanamchezea kofia". Aandike: "kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni tiba yake, naomba yalindwe kama dawa." Aombe pia akae mbele, maana macho yake hayaoni ubao wa mbali, na anayekaa nyuma asiyeona ubao ndiye anayecheka-chekwa akiulizwa. Weka kofia ya pili kwa mwalimu wa darasa.

#16 Fundi Cherehani Gungu
Uzi mzuri. Sasa shuleni tunaanza kwa nani? Naona wengine wanakwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule ya msingi, wengine wanamvizia yule mtoto njiani.

#17 Ustawi Kasulu
Kwanza msamiati: shule ya msingi ina mwalimu mkuu, sekondari ina mkuu wa shule. Ukiandika barua, cheo kiwe sahihi.

Njiani usimguse mtoto wa mtu wala usimkaripie. Ukimshika tu shati, kesho wewe ndiye mshtakiwa na hoja yako imekufa. Kwa wazazi wake pia usiende peke yako, watamtetea hata kama wanajua.

Anza na mwalimu wa darasa, baada ya vipindi, si asubuhi kwenye mstari. Omba dakika 20. Nenda na daftari na uombe mambo manne tu: nani atasimamia zile sehemu mbili zilizomo kwenye daftari na saa ngapi, mtoto akae wapi darasani na nani, mtoto akitaka msaada amwendee mwalimu gani kwa jina, na mrudiane tarehe gani. Siku 7 za shule zinatosha. Usitoke bila tarehe. Kikao kisicho na tarehe ya kurudi kinaishia kwenye "tutalifuatilia".

Ikikwama: mwalimu wa malezi na unasihi, mwalimu mkuu kwa maandishi, kamati ya shule, Afisa Elimu Kata, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kuna pia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

#18 Nguruka Stesheni
Barua zote hizo! Mwalimu amwite mwonevu mbele ya mstari, viboko kumi na tano, shule nzima ione. Kesho nani atathubutu?

#19 Wakili Kijana Tabora
Nguruka, hiyo ni kinyume cha kanuni. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, labda shule isiwe naye kabisa. Kumi na tano mbele ya mstari ni kosa la mwalimu.

#20 Mwalimu wa Malezi KGM
Achana hata na sheria. Anayechapwa mbele ya mstari kwa sababu ya mtoto fulani, jioni anamsubiri fulani njia panda, nje ya geti, mahali ambapo mwalimu wa zamu hayupo. Ndipo lile neno "umenisemea" linapozaliwa. Naona adhabu za kazi zinazolingana na kosa zinafaa zaidi: aliyemwaga maji achote ndoo zote za aliyemwagia wiki nzima, chini ya mwalimu, wakiwa wametenganishwa. Na mzazi wa mwonevu aitwe aelezwe kwa utulivu, daftari likiwa mezani.

#21 Mzee wa Reli ya Kati
Sisi wazee tunasema wapatanishwe. Wakae uso kwa uso, washikane mikono, yaishe.

#22 Kaliua Mashariki
Mzee, kwa heshima, upatanisho ni dawa ya ugomvi. Kwenye uonevu unamkalisha mnyonge mbele ya anayemwogopa na kumwuliza "mmesameheana?". Atasema ndiyo. Wote watasema ndiyo. Nje ya mlango yule mkubwa anamnong'oneza, na mtoto anajifunza kwamba hata watu wazima hawakuona. Wasikilizwe mmoja mmoja, siku moja, vyumba tofauti, kabla hawajapanga maneno.

#23 Mzee wa Reli ya Kati
Lakini mtaani wataendelea kuishi nyumba mbili tatu kutoka mwenzake. Bila mkono wa wazee uhasama unahamia kwa wazazi. Sijashawishika, ila la kusikilizwa mmoja mmoja kwanza nalikubali.

#24 Fundi Cherehani Gungu
Kama ni kuumiza, peleka polisi tu, hata awe wa miaka tisa. Atajifunza.

#25 Wakili Kijana Tabora
Wa miaka tisa hashtakiwi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 15: aliye chini ya miaka 10 hana jinai. Kati ya 10 na 12 ni mpaka ithibitike kwamba alijua anachofanya hakifai. Wa miaka tisa ni kazi ya ustawi wa jamii.

Lakini jeraha kubwa ni jeraha, yeyote aliyelitia. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, chukua fomu ya PF3, daktari aijaze. Damu ikiwa inatoka nyingi au mtoto hana fahamu, hospitali kwanza, fomu itafuata. Kama kuna udhalilishaji wa kingono, mtoto asiogeshwe, nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, na afike hospitali ndani ya saa 72, maana dawa za kukinga VVU baada ya hapo hazitolewi. Mapema zaidi ni bora zaidi.

Na majirani wajue: Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Si hiari.

#26 Binti Unyanyembe
Mbona hatujauliza kwa nini wale wengine wanaonea? Naona chanzo ni nyumbani. Anayechapwa kama punda usiku, asubuhi anatafuta wa kumchapa.

#27 Kaliua Mashariki
Wengine wanatoka nyumba za upole kabisa. Mimi natazama wingi: darasa moja watoto mia na zaidi, mwalimu mmoja, bomba moja. Kwenye foleni ya bomba moja mwenye nguvu ndiye mwenye maji. Ongeza bomba la pili uone uonevu utapungua kiasi gani.

#28 Ujiji Miembeni
Mnasahau viranja. Mtoto wa miaka 13 anapewa fimbo na orodha ya wapiga kelele. Asiyempa karanga anaandikwa. Uonevu wa namna hiyo una muhuri wa shule, na mtoto anaona hakuna pa kwenda kwa sababu "mamlaka" ndiyo inayomwonea.

#29 Mwalimu wa Malezi KGM
Mimi naona ni hadhira. Mwonevu peke yake ni nadra, anataka wacheke. Watafiti wa Kanada, Hawkins, Pepler na Craig, waliweka kamera kwenye viwanja vya shule, wakachapisha mwaka 2001: mwanafunzi mwenzao alipoingilia, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Sekunde kumi! Wafini wa Chuo Kikuu cha Turku walijenga mpango wao wa kupinga uonevu, KiVa, juu ya hilohilo, wanafundisha wanaotazama.

Kwa mzazi maana yake ni hii: tafuta rafiki mmoja. Si kumi. Mkaribishe Jumamosi, wale ugali na migebuka pamoja, wapange kutoka nyumbani saa moja kwenda shule. Wakipata wa tatu kwenye njia ileile, ni bora zaidi.

#30 Nguruka Stesheni
Hapo kwa viranja mmenikumbusha shule ya Tabora Boys. Nyerere aliingia pale 1936, na nasikia hakuwahi kuwa kiranja mkuu.

#31 Binti Unyanyembe
1937. Mtihani ndio aliofanya Oktoba 1936. Na wasifu wake unasema walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu, mkuu wa shule akakataa kwamba ni mpole mno. Nguruka, naona unarudi kundini taratibu.

#32 Nguruka Stesheni
Nasoma tu dada, nasoma.

#33 Matroni Mstaafu
Bweni ni dunia nyingine, naomba tusipite haraka. Njuka wa kidato cha kwanza anaonewa zaidi majuma ya mwanzo: kufulishwa nguo za wakubwa, kuamshwa usiku, kunyang'anywa sukari. Mwandalieni hivi. Tranka liwe na kufuli mbili za funguo tofauti. Kila kitu kiandikwe jina kwa uzi, si kwa kalamu, kalamu inafutwa kwa sabuni: shuka, ndoo kwa rangi, hata soksi. Vyakula vya wiki mbili, si vya muhula, tranka lililojaa linaita wezi. Apate kitanda karibu na mlango wa matroni au kiranja mwenye sifa njema, ombeni siku ya kuripoti, baadaye nafasi zimejaa.

Na mpange neno la siri la simu. Atakapopiga kwa simu ya matroni, pembeni yake kuna watu. Akisema "naomba mafuta ya taa" na shule ina umeme, mzazi anajua afunge safari.

#34 Fundi Cherehani Gungu
Neno la siri! Hilo nalichukua leo.

#35 Kaliua Mashariki
Kwa wenye simu: matusi ya kwenye kundi la WhatsApp yasifutwe. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, ukianzia jumbe za juu ili mtiririko uonekane. Mtoto asijibu. Kosa kubwa la wazazi ni kumnyang'anya simu aliyeonewa. Umemwadhibu kwa kusema, hatasema tena.

#36 Wakili Kijana Tabora
Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inahusu unyanyasaji mtandaoni: faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Mtuhumiwa akiwa mtoto, shauri linakwenda mahakama ya watoto. Kwa wanafunzi wenzake ningeanzia shuleni, niitunze sheria kwa mtu mzima anayemtishia mtoto.

#37 Kocha Katubuka
Mmesema ya mzazi na mwalimu. Na mtoto? Lazima awe na kitu mkononi, hata kama si ngumi.

Fanyeni mazoezi nyumbani, dakika 5 kwa siku, siku 10. Siku ya kwanza mtoto awe mwonevu na mzazi awe mwonewa. Mtoto anayajua maneno yao, atakuonyesha jinsi wanavyosimama, na wewe utamwonyesha jibu. Siku ya tatu mbadilishane. Miguu upana wa mabega, mikono nje ya mifuko, macho katikati ya nyusi za yule mwingine (kumkazia machoni kunamtisha mtoto mwenyewe). Sentensi fupi: "Acha. Sitaki." Au "Nipe daftari langu." Sauti itoke tumboni. Kisha ageuke na atembee kuelekea alipo mtu mzima au watoto wengi, asikimbie, wala asielekee uchochoroni.

Mambo matatu huharibu. La kwanza, "tafadhali", inageuka ombi. La pili, tusi, linampa mwonevu sababu. La tatu hakuna anayeliona: mtoto akiogopa anatabasamu au kucheka, na watazamaji wanadhani ni mchezo. Mwambieni uso utulie. Nanyi wazazi msirekebishe makosa matano kwa mara moja. Siku hii sauti, kesho miguu.

#38 Mama Soko la Mwanga
Kocha umenena, hilo la kucheka sikuwa nimeliwaza. Niongeze: mfundisheni tofauti ya kusemea na kuomba msaada. Kusemea ni kutaka mwenzako aingie matatani. Kuomba msaada ni kutaka mtu atoke matatani, hata kama mtu huyo ni wewe.

#39 Mzee wa Reli ya Kati
Na ikishindikana yote, kuhamisha shule?

#40 Ustawi Kasulu
Mimi nasema ni njia ya mwisho. Anayehamishwa bila kujifunza lolote anabeba mabega yaleyale yaliyoinama, na shule mpya wanamsoma siku ya kwanza.

#41 Matroni Mstaafu
Sikubali. Mtoto aliyeacha kula na kuanza kusema heri nisingekuwepo, mhamishe kesho, mabega yatanyooka baadaye. Na akisema hivyo asilale peke yake, sumu za panya na za shambani ziondoke ndani ya nyumba siku hiyohiyo, apelekwe hospitali.

#42 Ustawi Kasulu
Kwa huyo uliyemtaja, sibishani hata neno moja. Kwa wengine bado nabaki pale pale.

#43 Fundi Cherehani Gungu
Nashukuruni wote. La mwisho: hiyo barua kwa mwalimu mkuu iweje? Na mzazi asiyejua kuandika?

#44 Ustawi Kasulu
Ukurasa mmoja. Jina la mtoto na darasa, "tangu tarehe fulani hadi fulani yametokea matukio sita, matatu bombani kati ya saa 4:00 na 4:30", ulionana na mwalimu wa darasa tarehe gani na mlikubaliana nini, kipi hakikufanyika, unaomba nini, na kabla ya tarehe gani. Asiyejua kuandika aende na daftari kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, aandikiwe, asomewe kwa sauti, kisha aweke dole gumba. Nakala ziwe mbili. Ya pili irudi nyumbani ikiwa na saini ya aliyeipokea na tarehe.